Shajara ya mradi: mwendo wa pande mbili kwa vekta, Kisumu

Januari. Jedwali kabla ya kifaa

Mradi unatengeneza vituo vitatu vya majaribio na kijitabu cha mazoezi kwa wanafunzi wa sekondari wa Kisumu wanaoanza mwendo wa pande mbili, yaani ule unaokwenda kwa mielekeo miwili kwa wakati mmoja. Sharti ni moja: jibu likokotolewe kwenye karatasi kwanza, kisha kifaa kiguswe na rula ikate shauri. Vifaa vinatoka soko la Kibuye au kwa mafundi wa jua kali, maana kikivunjika kimoja katikati ya muhula lazima kingine kipatikane siku hiyohiyo.

Kazi ya mwanzo haikuhusu reli wala misumari. Ilikuwa kuamua mwanafunzi aandike nini kabla ya kushika kalkuleta. Makosa mengi ya mada hii hayaletwi na hesabu ngumu. Yanaletwa na mtu kuchanganya mlalo na wima katika mstari mmoja wa hesabu. Gololi inarushwa kwa mita 4 kwa sekunde, nyuzi 30 juu ya mlalo, naye anaandika kimo kuwa 4t − 4.89t², kana kwamba kasi yote ilielekea juu. Jibu linatoka, vizio viko sawa, na ni la uongo.

Kwa hiyo kila zoezi la kijitabu linaanza na jedwali la safu mbili, MLALO na WIMA. Mistari yake ni umbali, kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho na mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Muda una mstari wake chini kabisa, ambao haugawanywi na kile kistari cha katikati. Umeandikwa mara moja kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho safu hizo mbili zinamiliki pamoja. Juu ya jedwali panachorwa mishale miwili: upande upi ni chanya kwa mlalo, upande upi ni chanya kwa wima. Karatasi isiyo na mishale hiyo haisahihishwi.

Mfano wa ukurasa wa kwanza: gololi hiyohiyo inarushwa kutoka meza yenye kimo cha mita 0.80. Juu ni chanya.

Mlalo: kasi 4 kosaini 30 (cos 30°) = 3.46 m/s, mchapuko 0, umbali haujulikani.
Wima: kasi 4 saini 30 (sin 30°) = +2.00 m/s, mchapuko −9.78 m/s² (wa mvuto wa dunia, g; nusu yake ndiyo 4.89), umbali −0.80 m.

Safu ya wima ina pengo moja tu, muda, kwa hiyo ndiyo inayotatuliwa kwanza: −0.80 = 2.00t − 4.89t². Majibu ni sekunde 0.658 na −0.249. Jibu hasi lisifutwe bila neno. Linasema kwamba kama njia ya gololi ingerefushwa kurudi nyuma, gololi ingekuwa imetoka sakafuni robo sekunde kabla ya kupita ukingo wa meza. Mwanafunzi akielewa hivyo, anajua mwenyewe la kuchagua. Muda wa 0.658 unarudishwa kwenye safu ya mlalo: 3.46 × 0.658 = mita 2.28.

Wengi huandika umbali wa wima kuwa +0.80 huku mchapuko ukiwa −9.78. Mlinganyo huo hauna jibu kabisa. Kalkuleta inakataa kutoa kipeuo cha namba hasi. Ni kosa la heri, kwa kuwa linajitangaza. La hatari ni lile la kuweka 2.00 na 0.80 na 9.78 zote chanya huku gololi ikirushwa juu, maana linatoa sekunde 0.249 bila kelele yoyote.

Kuhusu kalkuleta, kila kikao kinaanza kwa saini 30. Ikitoka 0.5, endelea. Ikitoka −0.988, mashine iko kwenye radiani, ikitoka 0.454, iko kwenye gradi, vipimo vingine vya pembe badala ya nyuzi.

Februari. Kituo cha kwanza: gololi na kaboni

Vifaa: reli ya pazia ya alumini yenye urefu wa mita moja na mwanya wa milimita 10, gololi ya chuma ya milimita 16 kutoka beringi kuukuu, karatasi ya kaboni ya kuacha alama gololi inapotua, karatasi nyeupe, selotepu, timazi, pimamaji na tepu ya fundi. Reli inakunjwa taratibu juu ya tairi la baiskeli ili isivunjike pembe. Sentimita 10 za mwisho zinabaki zimenyooka na kulazwa sawasawa na meza. Ukingo wa reli uko sentimita 80 kutoka sakafuni, na gololi inaachiwa sentimita 20 juu ya ukingo huo.

Muda wa kuanguka unatoka safu ya wima peke yake: t = √(2 × 0.80 ÷ 9.78) = sekunde 0.4045. Kasi ya mlalo haimo humo, na hili ndilo jambo ambalo macho hayalikubali hadi masikio yashuhudie. Kwa hiyo kabla ya reli kunafanywa jaribio la sarafu mbili. Rula inalazwa mezani, ncha yake moja imetokeza nje ya ukingo na sarafu imekaa juu yake. Sarafu ya pili inawekwa mezani kwenye ukingo, ikigusa ubavu wa rula. Rula inapigwa kwa kidole kuelekea sarafu ya pili: hiyo inaruka mbali, ile ya kwanza inaponyokwa na rula na kuanguka wima. Zinatua kwa mlio mmoja. Kama inasikika milio miwili, ni kwamba rula imeinuka ilipopigwa. Ibonyezwe kidogo kwa kidole cha mkono wa pili upande ulio mezani.

Sasa kasi ya kutoka kwenye reli. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu atatumia uhifadhi wa nishati na kupata v = √(2 × 9.78 × 0.20) = 1.98 m/s, hivyo gololi itue sentimita 80 kutoka ukingoni. Haitui hapo. Alama za kaboni zinakusanyika karibu na sentimita 60 na nusu. Tofauti ya robo nzima si msuguano tu, na hapa kituo kinafundisha zaidi ya kilivyokusudiwa. Gololi haiteremki kwa kuteleza, inabingirika, na sehemu ya nishati inakwenda kwenye kuzunguka. Tufe gumu likibingirika juu ya ubao bapa, 2g katika fomula inakuwa 10g/7, na kasi inashuka hadi 1.67 m/s, yaani sentimita 68. Lakini hii haiko kwenye ubao. Inapanda kingo mbili za mwanya wa milimita 10, kwa hiyo inazunguka kwa nusukipenyo cha milimita 6.2 badala ya 8. Inalazimika kuzunguka haraka zaidi kwa kila sentimita inayosonga. Hesabu ya hali hiyo inatoa 1.54 m/s na sentimita 62. Sentimita moja na nusu iliyobaki ndiyo ya msuguano, na kuigombania hakuna faida.

Uamuzi: kijitabu hakitamwomba mwanafunzi akokotoe kasi kutokana na kimo cha reli. Anapima alama ya kwanza, anapata kasi kwa kugawanya umbali wa mlalo kwa muda (0.605 ÷ 0.4045 = 1.50 m/s). Kisha reli inahamishiwa kwenye meza ya kimo kingine bila kubadilisha mahali pa kuachia gololi. Anatabiri itakapotua, anachora duara la sentimita mbili, anaweka kikombe cha chai. Gololi ikiingia kikombeni darasa zima linaelewa bila mwalimu kusema kitu.

Mambo yanayoharibu jaribio, kuanzia lile kubwa:

Kipimo kuanzia mguu wa meza. Ukingo wa meza umetokeza sentimita tatu au nne kupita mguu. Timazi ishushwe kutoka ncha ya reli, na pale inapogusa sakafu ndipo sifuri.

Ncha ya reli kuinama. Nyuzi 2 tu kwenda chini zinapunguza masafa kwa karibu sentimita moja. Pimamaji iwekwe kwenye sentimita 10 za mwisho za reli, siyo juu ya meza.

Sakafu. Saruji ya madarasa mengi ina mteremko wa kutolea maji. Kimo kipimwe mahali gololi inapotua, kwa kuhamisha usawa kwa mpira wa maji unaoonyesha maji ndani kama wafanyavyo waashi. Kosa la sentimita moja la kimo linasogeza alama milimita 4.

Namna ya kuachia. Kidole husukuma hata kama mwenye kidole anaapa hakusukuma. Gololi izuiwe kwa rula na rula ivutwe upesi kuelekea chini ya mteremko.

Mdundo wa pili. Gololi ikidunda inaacha alama nyingine kwenye kaboni. Mtu mmoja akae tayari kuidaka.

Kuhusu thamani ya g: mitihani ya hapa inatumia 10, na vitabu vingi vya nje 9.81. Kisumu iko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Yote mawili yanapunguza g, inayokaa karibu na 9.78. Kwa kasi ileile ya 1.50 m/s, kati ya 9.81 na 9.78 alama ya hesabu inasogea milimita moja, ambayo kaboni haiioni. Kati ya 10 na 9.78 inasogea karibu milimita 7, na hiyo inaonekana kwa macho. Kwa hiyo kijitabu kinatumia 9.78 vituoni na 10 kwenye maswali ya kujiandaa kwa mtihani, na kila ukurasa unasema ni ipi.

Machi. Kituo cha pili: mtumbwi na mkondo

Swali limewekwa kwenye mto Nzoia, upande wa Budalang'i, ambako kila mtu anajua maji yakijaa yanavyofanya. Namba ni za zoezi, si za mto: upana mita 60, mkondo 0.9 m/s, mtumbwi 1.5 m/s ukilinganishwa na maji.

Nahodha akielekeza pua moja kwa moja ng'ambo, anavuka kwa sekunde 40 na kuchukuliwa mita 36 chini ya mto. Kasi yake kwa mtu aliyesimama ukingoni ni √(1.5² + 0.9²) = 1.75 m/s, imepinda nyuzi 31 kutoka mstari wa kuvuka. Wanafunzi hugawanya 60 kwa 1.75 na kupata sekunde 34. Wamechukua umbali wa mhimili mmoja na kasi ya mwelekeo mwingine. Jedwali la safu mbili linazuia hilo, kwa sababu 1.75 haina mahali pa kuandikwa.

Akitaka kutua palepale mkabala, aelekeze pua juu ya mto kwa pembe ambayo saini yake ni 0.9 ÷ 1.5 = 0.6, nyuzi 36.9. Kasi ya kuvuka inabaki 1.2 m/s, muda sekunde 50. Wengi wanatumia tena zile nyuzi 31 kwa upande wa pili, kama vile kupinda kunasawazishwa kwa kupinda kiasi kilekile. Tofauti ni hii: katika swali la kwanza 1.5 ni upande mmojawapo wa pembe mraba. Katika la pili 1.5 ndio upande mrefu. Mchoro wa vekta, yaani mishale inayoonyesha ukubwa na mwelekeo, uchorwe upya kila mara, mshale wa mtumbwi na wa mkondo zikiunganishwa kichwa kwa mkia.

Swali la masika: mkondo umepanda hadi 1.8 m/s. Saini inakuwa 1.2 na kalkuleta inakataa. Kalkuleta ina haki. Hakuna pembe itakayomfikisha mkabala. Swali linalobaki ni pembe ipi itampeleka chini ya mto kidogo zaidi. Mchoro unajibu kabla ya hesabu: chora mkondo, zungusha mshale wa mtumbwi kutoka ncha yake, na utafute mstari wa jumla unaogusa duara hilo bila kulikata. Pua ielekezwe nyuzi 56.4 juu ya mto, mtumbwi unatumia sekunde 72 na kushuka karibu mita 40. Akielekeza moja kwa moja ng'ambo angeshuka mita 72 kwa sekunde 40. Hili ndilo swali zuri kuliko yote ya kijitabu.

Majaribio hayafanywi majini. Mto ni karatasi ya khaki inayovutwa sakafuni, mtumbwi ni gari la kuchezea la betri. Gari linakwenda sentimita 20 kwa sekunde, karatasi ina upana wa sentimita 60, na kwa karatasi kuvutwa sentimita 12 kwa sekunde namba zinafanana na za Nzoia: sekunde 3, sentimita 36.

Tatizo ni kuvuta. Mkono hauvuti kwa kasi moja. Unaanza polepole na kukimbilia mwishoni. Sasa karatasi inakunjwa kwenye mpini wa ufagio wa sentimita 3, mzunguko mmoja ukiwa sentimita 9.4. Programu ya midundo kwenye simu inagonga mara 76 kwa dakika, mzunguko mmoja kila mdundo, na hiyo inatoa 12. Karatasi ifunguliwe yote kabla ya kurudia. Mizunguko 20 ikibaki kwenye mpini, unene wake unaongeza kipenyo milimita 4 hivi, na mto unakwenda kasi zaidi kwa asilimia 13 bila aliyeshika mpini kujua. Magurudumu ya gari nayo yafungwe mpira mwembamba, la sivyo yanateleza kwenye khaki.

Mei. Ziwa na dira

Ukurasa mfupi. Mashua inatoka Dunga, kilomita 5 kwa dira ya nyuzi 240, kisha kilomita 3 kwa nyuzi 300. Iko wapi?

Dira inahesabu kutoka kaskazini kufuata mshale wa saa. Kosaini ya kalkuleta inahesabu kutoka mashariki kinyume chake. Toa dira kwenye 90 ndipo utumie kosaini kwa mashariki na saini kwa kaskazini. Mkono wa kwanza wa safari (mashariki, kisha kaskazini): −4.33 na −2.50. Wa pili: −2.60 na +1.50. Jumla: −6.93 na −1.00, urefu kilomita 7 kamili. Kwa grafu ya sentimita 2 kwa kilomita, mstari unatoka sentimita 14, na penseli butu ikikosea milimita moja ni mita 50 ziwani.

Pembe ndiyo mtego. Ukigawanya −1.00 kwa −6.93 alama hasi zinafutana, na kalkuleta inatoa nyuzi 8.2 kana kwamba mashua imepanda nchi kavu kuelekea mashariki. Mwanafunzi aangalie alama za jumla zake kwanza: zote hasi, basi ni kusini-magharibi, nyuzi 8.2 kusini ya magharibi, dira 261.8.

Juni. Kituo cha tatu: kirushio

Kirushio ni bomba la PVC ambalo gololi inapita bila kukwama wala kuchezacheza, springi ndani yake, na msumari unaozuia springi iliyobanwa sentimita 5. Mpira wa tiubu ulijaribiwa kwanza ukaachwa: unalegea kadiri unavyotumika na kasi ya asubuhi si ya mchana. Anayetumia kirushio avae miwani, na hakuna anayechungulia mdomoni mwa bomba, hata kama linadhaniwa tupu.

Kasi inapatikana kwa njia ya kituo cha kwanza. Bomba linalazwa mlalo kwenye kimo cha sentimita 80, alama inatua sentimita 162 mbele, 1.62 ÷ 0.4045 = 4.0 m/s.

Kwa kutua kwenye usawa uleule, hesabu inatabiri mita 1.42 kwa nyuzi 30 na mita 1.42 kwa nyuzi 60. Gololi ya 30 inafika kimo cha sentimita 20 na kukaa hewani sekunde 0.41, ya 60 inafika sentimita 61 na kukaa sekunde 0.71. Sinia la mchanga linapandishwa kwenye meza hadi usawa wa mdomo wa bomba. Kipimo kinatoa kama 1.37 na 1.34. Zote fupi, na hazilingani.

Sababu ni springi. Bomba likiinuliwa, springi inafanya kazi ya ziada kuipandisha gololi zile sentimita 5 kabla haijatoka. Kwenye nyuzi 60 kasi inashuka kutoka 4.0 hadi 3.89 m/s, na masafa yanafuata mraba wa kasi. Kwa darasa la kawaida tunakubali tofauti hiyo na kuieleza; kwa wanaotaka, fomula ya kasi iko pembeni: v² = 16 − 0.98 saini θ, θ ikiwa pembe ya bomba.

Kasoro ya pili ilikuwa ya mbao. Bawaba ilifungwa nyuma ya bomba, kwa hiyo kila pembe ilipobadilishwa mdomo ulipanda na kurudi nyuma, na sifuri ikahama. Fundi ameihamishia mdomoni kabisa. Timazi iliyofungwa kwenye kipimapembe inasoma pembe moja kwa moja.

Kisha mchezo ambao hata walimu wanaupinga hadi waone. Kutoka juu ya meza ya sentimita 80 hadi sakafuni, pembe ipi inapeleka mbali zaidi? Darasa linajibu 45 kwa sauti moja. Hesabu, kwa kasi ya 4.0: nyuzi 45 mita 2.22, nyuzi 30 mita 2.28, na kilele kiko karibu na nyuzi 35, mita 2.30. Sheria ya 45 ni ya usawa mmoja. Kunapokuwa na kushuka, gololi tayari ina muda wa bure hewani, kwa hiyo kasi inafaa zaidi ikiwekwa kwenye mlalo. Tofauti ya 30 na 45 ni sentimita 6 tu kwenye karatasi. Kifaa kinaipanua kidogo kwa sababu springi inapoteza zaidi kwenye 45. Duara la mtawanyiko wa alama lisizidi sentimita 2, vinginevyo hakuna anayeamini.

Julai. Simu, na yaliyobaki

Simu ya fremu 30 kwa sekunde inatoa nukta 12 kwa anguko la sekunde 0.40. Zinatosha kuchora njia, ila gololi inaonekana kama kistari. Fremu 240 zinatoa gololi kali, kila fremu sekunde 0.0042, mradi kuwe na mwanga wa nje. Chini ya taa za mirija ya darasa picha inafifia na kung'ara kwa zamu kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde.

Kosa linalorudi ni rula ya kipimo kubandikwa ukutani. Simu ikiwa mita 2 kutoka kwenye gololi na ukuta ukiwa sentimita 20 nyuma yake, kila umbali unasomeka mkubwa kwa asilimia 10, na g inatoka 10.8. Rula sasa inaning'inizwa kwenye ncha ya reli, katika bapa lilelile la mwendo.

Kilichobaki: kurasa za mvua na bodaboda (mvua wima 6 m/s, bodaboda 12 m/s, matone yanampiga dereva nyuzi 63 kutoka wima), mchoro wa bawaba mpya kwa ajili ya fundi mwingine, na springi ya akiba yenye ugumu uleule. Iliyopo imeanza kuinama upande mmoja.